Miguu ya Tata Tharcisse

Kila asubuhi Noëlla alikuwa wa kwanza kuamka na wa mwisho kufika shuleni. Kwa watoto wengine wa Musonoi, mtaa ulio karibu na mgodi, njia ile ilikuwa ya dakika kumi. Yeye ilimchukua nusu saa. Nyayo zake zililegea na kuning'inia, kwa hiyo aliinua magoti juu kama kuku anayevuka tope, la sivyo vidole vingekwaruza chini naye aanguke. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na kila mwezi alianguka zaidi ya mwezi uliopita.

Jumatatu moja alianguka mbele ya darasa zima. Habari zilifika nyumbani kabla yake, na shangazi yake, Tantine Adèle, akaja mbio. Dada huyu mkubwa wa baba alikuwa na neno la mwisho katika mambo yote ya ukoo, hata yasiyomhusu.

"Huyu mutoto hatatoka tena," alisema. "Batu banacheka jina yetu! Na mi najua nani aliharibisha damu yake. Mama yake alikuwa na mimba, mi nikamukataza kusafisha mabwe ya mine mu mayi. Alisikia? Siku ya posho famille yote tunakaa. Kabemba atarudia kwabo, Mutshatsha."

"Tantine, kama singesafisha mabwe, tungekula nini?" aliuliza Mama Kabemba, mama yake Noëlla, kwa sauti ndogo. Ujira wa kuosha mawe ya mgodi majini ndio uliowalisha wote. Mumewe, Tata Tharcisse, fundi wa pikipiki, alikuwa amesimama palepale mlangoni, akitazama mabuti yake.

Siku ya posho ni Jumamosi. Noëlla alifungiwa ndani siku nne, akiwasikia wenzake wakipita na mifuko yao, wakicheka. Chumba kilikuwa na dirisha moja dogo, na kupitia hilo aliona ua, ukuta, na mama yake akikunja vitenge vyake kimoja kimoja. Aliichukia miguu yake kuliko kitu chochote duniani.

Alhamisi adhuhuri baba yake alirudi ghafla, nguo zimelowa mafuta, akaingia kuoga kwenye uzio wa mikeka chini ya dirisha lile. Tata Tharcisse hakuwahi kuonekana bila mabuti yake marefu ya mpira, hata Jumapili, na watu walidhani ni mazoea ya kazi; mkewe aliambiwa ni miguu iliyoumizwa na pikipiki zamani. Sasa aliyavua. Noëlla hakukusudia kuchungulia, lakini aliona: mashavu ya miguu membamba, nyayo zilizopinda juu, vidole vilivyojikunja. Ilikuwa miguu yake mwenyewe, ila ya mtu mzima.

Tangu saa ile hakula vizuri. Akisema, atamwaibisha baba yake mbele ya ukoo mzima. Akinyamaza, mama ataondoka. Alilizungusha jambo hilo kichwani siku mbili, asione pa kutokea.

Jumamosi ukoo mzima ulikaa kikao. Tantine Adèle alisema, akarudia, akasema tena. Tata Tharcisse aliinama tu. Mama Kabemba alipoinuka kwenda kuchukua mfuko wake, Noëlla alishika ukuta akasimama.

"Tata, unisamehe," alisema. "Mama haiko na kosa. Miguu yako iko sawa na yangu. Mi niliona."

"Mutoto muongo!" alifoka shangazi. "Tharcisse, mwambie!"

Ilikuwa rahisi kwa baba kusema mtoto anaota. Wote wangemwamini. Badala yake aliinama, akavuta buti la kwanza, na la pili.

Tantine Adèle alifunika mdomo. "Kama ya baba yetu," alinong'ona. "Ile fimbo yake... tulisemaka ni uzee." Kisha akamshika Mama Kabemba mkono, akamketisha abaki nyumbani, jambo ambalo halikuwahi kutokea katika ukoo huo.

Jumatatu Noëlla, wazazi wake na shangazi walikwenda kituo cha afya. Docteur Gracien alipima miguu ya baba na ya mtoto, akagonga magoti, akauliza habari za babu. Kisha akawaeleza polepole. Ndani ya mishipa ya fahamu kuna vitu vidogo mno vinavyoupa mwili nguvu, kama majiko. Majiko hayo huungana na kusaidiana, jirani akimpa jirani kinachopungua. Jeni moja ndiyo inayotoa amri ya kuungana. Ikiwa na kosa, kila jiko hubaki peke yake na kudhoofika, na mishipa mirefu, ile inayofika miguuni, huteseka kwanza.

"Wataalamu balijifunza kwa panya," alisema. "Panya naye iko na jeni kama hii. Balipoiharibu, ikaanza kuburuta miguu ya nyuma. Nazani yenu ni ya namna hiyo, lakini tutatuma damu kwa laboratoire kubwa, tujue sawasawa."

"Na mayi ya mine?" aliuliza shangazi.

"Ile mayi iko na ubaya wake, musiikaribie. Lakini hii haikutoka kule. Inatoka kwa muzazi mpaka kwa mutoto, na hakuna mwenye aliichagua. Dawa ya kuiponyesha haijapatikana. Lakini tutamufanyia vishikio vya miguu, vya kuinua nyayo zake, na mazoezi kila siku. Mwezi hautaisha atakuwa mu masomo." Akamgeukia baba. "Wakubwa balisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Wewe, Tata, umeumbuliwa na mutoto wako. Una bahati."

Docteur alitimiza ahadi. Asubuhi Noëlla alipovaa vishikio vyake kurudi shuleni, baba alipiga magoti kumfunga mikanda, huku mama akishika mfuko wa madaftari.

"Mwanangu," baba alisema, "ugonjwa nilikupa bila kujua. Ile haiko zambi. Lakini kunyamaza, nilinyamaza nikijua, na kidogo tu mama yako angelipa. Ugonjwa haufanye mutu kuwa mubaya. Uongo njo unamufanya mubaya. Ukiumwa, sema. Ukiona mwingine anabeba kosa yenye haiko yake, sema zaidi."

Mama Kabemba alimkabidhi mfuko, na Noëlla akatoka.