Kiyoyozi Kilichokataa Kuharibika

Foleni ya duka la dawa siku hiyo ilikuwa ndefu, mtu angeweza kupona kabla hajafikiwa. Fundi wa viyoyozi, kidole kimefungwa kitambaa, alisimama nyuma ya mwanamke wa gauni la kijani, mshonaji, tepu ya kupimia bado inaning'inia shingoni mwake. Mwanamke akakohoa. Fundi akanusa.

"Dada, ukitoka nyumbani kikohozi kinapungua, sivyo?"

"Kwani wewe daktari?"

"Fundi wa viyoyozi. Gauni lako linanuka ukungu."

"Ndiyo salamu ya kwenu hiyo?"

Foleni nzima ikacheka. Lakini kesho yake fundi alikuwa ghorofa ya pili, kwa huyo mshonaji na mama yake, amefungua kiyoyozi. Ukungu mweusi ulikuwa umetanda kwenye feni, mnene, ungeweza kusukwa mkeka. Akaosha vichujio, akasugua trei ya maji, akaweka sawa bomba la kuyatoa nje. Mama akamletea chai.

"Sukari vijiko vingapi, mwanangu?"

"Vitano, mama," akajibu, macho yakiwa kwa mshonaji, hajui hata anachosema.

Hapo ndipo shetani alipompitia. Kabla ya kuondoka aliliinua lile bomba, upana wa kidole kimoja tu. Maji yangetuama, ukungu ungerudi, naye angeitwa.

Akaitwa kweli. "Fundi wangu, kimeanza tena."

"Nakuja, malkia. Hata ngazi sishuki, naruka."

Mara ya tatu alikuwa haitwi tena fundi, anaitwa mpenzi. Na kila mara akiondoka, kidole kimoja.

Simu ya nne haikuwa na utani. "Mama amelazwa. Kifua."

Akamkuta mshonaji nyumbani anakusanya khanga za kupeleka hospitali. Akashindwa kumtazama. "Bomba niliinua mimi. Nilitaka uniite."

"Mama yangu ana mrija puani kwa sababu ya mapenzi yako?"

"Nisamehe."

"Shusha bomba. Halafu shuka na wewe."

Miezi minane. Fundi aliweka simu mfuko wa shati, hata akiwa juu ya paa la watu. Kila jioni alipita chini ya dirisha lile, akatazama bomba likidondosha maji, tone, tone, safi kabisa. Hajawahi fundi kuichukia kazi yake nzuri namna ile.

Siku moja mchana, simu ikaita.

"Fundi."

"Naam."

"Mama amepona zamani. Anamuulizia yule wa vijiko vitano."

"Na kiyoyozi? Kinanuka?"

"Hakinuki. Nimekipiga hata ufagio, hakiharibiki. Sasa nikuite kwa sababu gani?"

"Niite bila sababu."

"Basi njoo. Begi la vifaa liache."

Alifika mikono mitupu, hajui aiweke wapi. Mshonaji, na lile gauni la kijani, alivua tepu shingoni akampima kifua, akampima mgongo, taratibu, kama anasoma barua.

"Vipimo vya nini?"

"Koti la harusi. Au hutaki?"

Fundi akaitikia kwa kichwa, mabega yakampanda.

"Shusha bega," mshonaji akamnong'oneza. "Vitu ulivyoinua vinatosha."