Wekundu wa Mikoba Yetu

Wajukuu zangu mnaonisoma, ninyi mngefanyaje mkimkuta mliyemlea anawaharibia riziki, tena jikoni mwenu?

Mimi nilimkuta Furaha, mjukuu wangu.

Kainamia sufuria langu la ukindu, kashika pakiti ya rangi ya dukani... anaimimina!



Sisi akina mama wa kijiji cha Baleni tunasuka mikoba. Ukindu, yale majani ya mkindu, tunauchemsha na magome ya mikoko mpaka uive wekundu uliokolea. Alifya, mwenye duka Kilindoni, anaipeleka kwa watu wa mitindo mjini. Kila mkoba una lebo: rangi ya asili, hauharibu mazingira. Lebo hiyo ndiyo iliyopandisha bei. Bila hiyo, ni kikapu cha sokoni tu.

Na Alifya alikuwa njiani kuja kuchukua mzigo...

Nikamuuliza Furaha nani kamtuma. Nikamwita msaliti. Akaendelea kukoroga, machozi yanamdondoka.

Alifya akafika, akaniamkia, akasugua mkoba mmoja kwa kitambaa kilicholowa. Kikatoka chekundu.

"Bibi, hii ni rangi ya dukani. Ya magome haichuji hivi."

Kumbe mtoto alishaanza zamani!

"Haya, mweleze mgeni," nikamwambia.

Furaha akaita bodaboda, akatupeleka pwani kwenye mikoko.

Jamani...

Zamani gome tulilichuna upande mmoja, mti ukabaki unapumua. Oda zilipozidi, wachunaji wakawa wanalichuna kuzunguka mti wote. Mimi magoti mabovu, magome naletewa mlangoni, sijui yanakotoka. Sasa nikaona. Miti imesimama mikavu, imevuliwa nguo, chini matope matupu, hata kaa hapiti.

Alifya akaichomoa taratibu lebo ya ule mkoba aliokuja nao, akasema mzigo huu hawezi kuubeba.

Shikeni hili, wajukuu zangu. Sifa njema ikikuuzia bidhaa, geuka nyuma utazame inachokula. La sivyo itakumalizia hicho hicho unachouza.

Nikamuuliza Furaha kwa nini alinificha hali hii ya mikoko.

"Sikukuficha, Bibi. Kila nikikwambia mikoko inakufa, unanijibu oda kwanza. Nikatia ya dukani ili wachunaji wasiende tena kuchuna."

Alifya akamwambia ya dukani nayo ina ubaya wake, maji yake tunayamwaga wapi?

Nikamshika Furaha mkono.

"Wewe ulitaka nini hasa, mwanangu?"

Akajifuta uso kwa ncha ya kanga.

"Nilitaka tusuke ukindu mweupe, Bibi. Bila rangi yoyote. Hata kama bei itashuka."