Glovu za Mabao Manane

Kioo cha kabati kilikuwa kimevunjwa, na tone la damu limekaukia ukingoni. Kombe la timu ya taifa ya vijana lilikuwepo palepale. Kilichoibwa ni glovu kuukuu za kipa.

"Mwizi gani anaacha kombe anabeba matambara?" aliuliza Inspekta Nohelia Bardales.

"Si matambara hayo," alisema Rolando Handal, meneja wa timu. "Ndizo zilizofungwa mabao manane kwenye robo fainali. Hatujafungwa hivyo kabla wala baada. Siku ya safari kila kipa mpya huzivaa, wenzake wakihesabu mpaka nane. Ajue aibu ina uzito gani."

"Mwenyewe ni nani?"

"Jina lake halitajwi hapa, ni mkosi. Tunamwita Nane."

Inspekta aliona kwamba mila nyingine zingefaa kulala mahabusu.

"Mwizi ni kipa wetu, Deybin," Handal aliendelea. "Jana aliapa hazivai. Ndege inaondoka mchana huu, na yeye anabaki hapa San Pedro."

Deybin Arzú alikuwa nje, amekalia begi lake, macho mekundu.

"Umechukua wewe?"

"Hapana, Inspekta. Nilikataa kuzivaa, basi. Nikiiba, mama yangu si atanichuna ngozi?"

Vidole vyake viwili vya mwisho vilifungwa pamoja kwa plasta.

"Umejikata?"

"Makipa ndivyo tunavyojifunga. Visipinde shuti likija."

"Fungua."

Ngozi ilikuwa nzima, bila hata mkwaruzo.

"Basi alimtuma mtu!" alisema Handal.

Inspekta alizunguka kambi akikagua mikono, mpishi kwa dereva. Uwanjani alimkuta mkata nyasi, mzee Toño Paz, ambaye wote walimwita Don Toño kwa heshima. Vidole vyake viwili vya mwisho vilifungwa pamoja kwa plasta.

"Umeumia, Don Toño?"

"Kisu cha mashine. Hiki kidogo tu."

"Kidole kimoja, mbona umefunga viwili?"

Mzee alivitazama vidole vyake kana kwamba vimemsaliti.

"Mazoea."

"Mkata nyasi hadaki mashuti. Jina lako kamili?"

Alizima mashine.

"José Antonio Murillo Paz. Hapa natumia la mama. La baba lilizomewa nchi nzima niliporudi. Nilikuwa na miaka kumi na sita, Inspekta."

"Kwa nini leo?"

"Kila safari nawasikia dirishani wakihesabu. Wakifika nane, wanacheka. Mtoto anapanda ndege anatetemeka. Huyu Deybin ana mikono kunishinda. Sikutaka abebe aibu yangu."

"Sasa anabeba wizi wako. Wanamwacha."

Rangi ilimtoka mzee. "Haki ya Mungu sikujua. Mimi wa nje, naambiwa nini?" Alifukua rundo la nyasi, akazitoa glovu.

Handal alifika akihema, Deybin nyuma yake na begi. Alitazama glovu, kisha uso wa mzee. "Nane! Kumbe ni wewe?"

"Ana jina," alisema Inspekta. "Litaje, ndipo niandike maelezo na basi liondoke."

Dereva alipiga honi. Handal alitazama saa yake.

"Murillo," alisema. "Deybin, panda basi."

Kijana hakupanda mara moja. Roho ilimuuma kumwona mzee amesimama vile, glovu mkononi.

"Don Toño, lile la nane liliingiaje?"

"Chini, kushoto kwangu. Lilikuwa la kudakika." Mzee aliinamisha kichwa. "Nilishaacha kuruka."

"Mimi nitaruka," alisema Deybin, akachukua begi lake.