Maziwa Yasiyopimwa

Kila asubuhi, jua lilipoanza kuyapiga mabati ya mtaa wa Mudzipela, Clarisse alikuwa amekwisha kufika katika kiwanda kidogo cha jibini cha Papa Félicien. Alikuwa mwanafunzi wa chuo cha mifugo, naye alikuja kufanya staji, yaani mafunzo ya kazi ambamo mwanafunzi hutiwa alama na mwajiri wake. Wenzake wengi waliopelekwa katika ofisi za mjini walishinda wakichemsha chai na kununua mandazi. Papa Félicien hakuwa mwajiri wa namna hiyo. Siku ya kwanza alimvika Clarisse koti jeupe, akamfundisha kupima maziwa, kisha akamwambia, "Mlango huu ni wako. Maziwa usiyoyapima hayaingii."

Kazi hiyo ilitaka uangalifu. Wafugaji walileta maziwa kwa pikipiki, yakiwa ndani ya bidoni, yaani madumu. Clarisse alichota kidogo, akayachanganya na spiriti katika kikombe cha kioo. Yakifanya chembechembe, yameanza kuchacha, nayo hurudishwa. Papa Félicien alisimama karibu, akimweleza sababu ya kila jambo, wala hakumnyang'anya kikombe hata mara moja.

Asubuhi moja akafika Muzee Ézéchiel, mfugaji mwenye mvi na mzee wa kanisa, ambaye ndiye aliyewaozesha wazazi wa Clarisse. Clarisse aliinama kumsalimu. Mkono wake ukaendea kikombe, ukasita. Kumpimia mzee kama huyu mbele ya vijana, si ni kumwita mwongo? Akayamimina maziwa yake pamoja na ya wengine.

Kabla ya adhuhuri, maziwa yote katika sufuria kubwa yalikatika yakiwa motoni.

"Yannick!" Papa Félicien akamwita mpishi wa maziwa kwa ukali. "Umezidisha moto tena?"

"Hapana, Papa! Kweli ya Mungu, moto iko vile vile!"

"Hata mara ile ulisema vile vile. Vua koti, uende nyumbani."

Yannick akaanza kufungua vifungo. Clarisse akayapima mambo mawili moyoni. Akisema, staji itavunjika na mwaka wa masomo atauanza upya. Akinyamaza, Yannick, baba wa watoto, atakosa kazi kwa kosa lisilo lake.

"Papa, ni mimi," akasema. "Maziwa ya Muzee Ézéchiel sikuyapima. Nilimwonea haya."

"Ee, stajiere!" Yannick akashusha pumzi. "Kidogo tu ungenizika muzima-muzima!"

Papa Félicien alimwomba Yannick msamaha mbele ya wote. Kisha akamgeukia Clarisse. "Kosa ni lako, na ni langu pia. Nilikufundisha kupima maziwa, sikukufundisha kuwapimia wazee. Kesho utarudi mlangoni pako."

Kesho yake mwenye kiwanda aliwatangulia wafugaji wote, akaweka chini bidoni ya maziwa ya ng'ombe wake mwenyewe. "Pima, binti yangu. Ya kwanza iwe ya mwenye nyumba."

Clarisse akapima, watu wote wakitazama. Ilipofika zamu ya Muzee Ézéchiel, akainama na kuomba ruhusa.

"Pima, mutoto wangu!" mzee akajibu. "Na jana mbona haukupima? Pikipiki ilituharibikia njiani, jua ikatupiga. Nilikuwa nangojea weye uniambie kama maziwa iko bado muzuri!"

Watu wakaangua kicheko. Clarisse aliinua kikombe kwenye mwanga. Maziwa yalikuwa laini, hayana chembe hata moja.

"Mmesikia?" akasema Papa Félicien. "Mwanafunzi akipewa ufagio tu, atajua kufagia. Akipewa kazi yenyewe, na mkubwa akiwa karibu naye, atakosea, atakiri, kisha atakuwa fundi. Na weye, Clarisse, shika neno hili: kumwambia mzee kweli kwa adabu, hiyo ndiyo heshima."