Vijiazi vya Veneranda

Churuuu. Maji yalimwagwa nje ya jiko kabla hakujapambazuka, Veneranda akaruka kutoka kitandani.

Mama Esnath, mama wa mchumba wake Gerson, alikuwa amekuja Mafinga kutoka Mbeya kumwona mkwe. Alfajiri ile alifagia jiko, akawasha moto, akakuta vijiazi vikavu vimelowekwa kwenye beseni. Akadhani vimeingiwa na maji kwa bahati mbaya, akayamwaga. Kwa huruma akavianika kwenye uchaga juu ya moto, kama mahindi.

Veneranda alivishusha kimoja kimoja. Vingine vilikuwa vimeshaungua. Akamshukuru mama kwa kufagia, kisha akamweleza kwamba ni mbegu za maua ya anemoni; hulowekwa usiku kucha vivimbe, vikipandwa sasa huchanua baridi ikikatika.

Mama Esnath akauliza kama maua hayo yanaliwa. Alipojibiwa hapana, akaweka ufagio chini.

— Mwanangu haoi maua. Shamba hili lipandwe viazi vya kula, au harusi hakuna.

— Shamba nimeachiwa na baba, mama. Harusi naweza kuikosa. Kupanda siachi.

Mama akampigia mwanawe simu kulalamika, na asubuhi hiyo ikaja meseji ya Gerson: "Mkubalie tu mama yaishe. Tukishaoana utapanda hata kichwani kwangu."

Akamjibu: "Sipandi kwa kujificha kwenye shamba langu. Kama unanionea aibu, baki hukohuko Mbeya." Akazima simu, akachukua jembe.

Alasiri alikuwa bado ameinama kwenye tuta alipoona viatu vya mjini vimejaa vumbi la safari. Hakuinua kichwa.

— Umefuata nini?

— Jembe la pili liko wapi?

— Mama yako yuko hapo mlangoni, anakuona.

— Ndiyo maana nauliza kwa sauti.

Gerson akamgeukia mama yake.

— Mama, asubuhi nilimwambia huyu akudanganye. Nilikosea. Namuoa yeye na maua yake.

Mama Esnath akaingia ndani. Gerson akachuchumaa, akageuzageuza kijiazi, akauliza juu ni wapi.

— Kilaze ubavu tu, chenyewe kitajua njia, alisema Veneranda, na kwa mara ya kwanza siku ile akatabasamu.

Jioni Mama Esnath aliwapelekea uji shambani, vikombe viwili.

Kesho yake Veneranda alimsindikiza stendi, akambebea mkoba mpaka mlango wa basi.

— Uje tena, mama. Maua utayakuta.