Glavu ya Kushoto

"Lucien, glavu yangu ya kushoto iko wapi?"

Solange alikuwa mbele ya kioo nyuma ya jukwaa la mkahawa, New Orleans, manyoya kichwani, glavu nyekundu moja mkononi. Nje, wateja wa Jumapili mchana walikuwa wanamalizia kamba na uji wa mahindi, wakimsubiri.

"Nimeificha," mchumba wake alijibu kwenye simu.

"Umeficha nguo ya mtu anayelipwa kuvua? Sasa hapo umenikomoa au umenirahisishia?"

"Usinichekeshe. Bila hizo glavu huna onyesho, umeniambia mwenyewe. Harusi ni mwezi ujao, na mama ni mtu wa kwaya! Anajua wewe ni fundi cherehani."

"Ni fundi kweli. Shanga zote hizi nimeshona mimi. Na wewe ulinikuta wapi, kanisani? Ulikaa meza ya mbele, unapiga mluzi kuliko wote."

"Wakati ule hukuwa wangu."

"Na sasa mwili huu ni wa nani?"

Lucien akakata simu. Ujumbe ukaingia: *Nipo hapa ukumbini. Ukipanda jukwaani, hakuna harusi.*

Solange aliusoma mara mbili. Machozi yalimlenga, akayazuia. Wanja ulikuwa umechukua nusu saa.

Mlango ukagongwa. Akaingia Mama Earline, mama yake Lucien, na kofia yake kubwa ya kanisani, mkononi mfuko unaotoa baridi.

"Binti, hii ni yako? Nimeikuta kwenye friza yangu nikitafuta bamia."

Glavu ilikuwa imeganda kama samaki wa friza.

"Mama, naomba nikueleze..."

"Unieleze nini? Ndani umeshona jina la Malkia Kipepeo. Bango la hapa nje, lenye jina hilo na picha, nalipita kila Jumapili nikitoka kwaya. Sura nikasema naifahamu, nikajikatalia. Nijibu moja tu: kuna mtu anakulazimisha?"

"Hapana, Mama. Wimbo nachagua mimi, vazi mimi, na pa kuishia mimi."

"Basi vaa. Itayeyukia mwilini."

Solange alipanda. Glavu ya kulia aliivuta kwa meno, kidole kimoja kimoja, akaidondosha. Ya kushoto, yenye maji, ikagoma. Akaizomea, akaitikisa, akaibembeleza kama mume aliyenuna; ukumbi ukavunjika mbavu. Ilipotoka, pete ya uchumba ikang'aa.

Ngoma ikapungua. Solange alishuka hadi meza ya Lucien. Akaivua pete ile polepole, vilevile kama glavu, akaiweka kwenye sahani yake, juu ya uji.

"Na hii nimeivua mwenyewe."

Watu waliruka wakishangilia, wakidhani ni sehemu ya onyesho. Aliyeshangilia zaidi alikuwa na kofia ya kanisani.

"Mama?" Lucien alishtuka. "Umekuja lini?"

"Nilifuata bamia kwenye friza, nikakuta glavu. Usinitolee macho! Mwenzio amedondosha nguo zake, kaokote."

Kazi ile ya kuokota nguo jukwaani ina mtu wake, lakini Lucien alipanda. Akapiga magoti mbele ya watu wote, akakusanya glavu zote mbili, akazipangusa kwa shati lake.

"Nimekosa, Solange. Sina haki ya kukuchagulia. Pete nitaiosha. Utaivaa tena?"

"Sema ndiyo!" ukumbi ulipiga kelele.

Solange alirudi jukwaani, akazichukua glavu zake, akacheka.

"Nitakujibu kesho, nikipenda. Sasa hivi nisubiri mezani, kama wateja wengine. Bado sijamaliza."

Akawageukia wapiga ngoma, akawapa ishara.