Vyumba Vinne Nyuma ya Stesheni

"Na mama yangu atalala wapi?"

Swali hilo lilimkuta Barafu ameshika funguo mkononi, anatabasamu. Dalali, aliyekuwa bado anasifia vigae vya bafuni, alijifanya anapokea simu, akatoka zake nje kwenye ngazi.

Mkalimani alikuwa amesimama katikati ya sebule. Fleti ilikuwa nzuri, hilo halikuwa na ubishi. Madirisha mapana, maji ya uhakika, geti na mlinzi, mtaa wenye taa kila nguzo. Lakini vyumba vya kulala vilikuwa viwili tu. Alishavipitia mara mbili, kana kwamba cha tatu kingejitokeza kwa kuonewa huruma.

"Kimoja chetu," Barafu alisema taratibu. "Kingine cha watoto. Binti tutamwekea pazia."

"Nimekuuliza mama."

"Nilidhani hilo lilishakwisha. Si anahamia kwa kaka yako?"

"Nani amekwambia?"

Barafu alikuna kidevu. Badala ya kumtaja mtu, akaeleza kwamba alishalipa arbuni, kwamba fleti kama hii kwenye mtaa kama huu haikai wiki bila kuchukuliwa, na kwamba alitaka kumshangaza.

"Umefanikiwa," Mkalimani alisema. "Nimeshangaa."

Akachukua mkoba wake, akashuka ngazi bila kugeuka.

Watu walimwita Mkalimani kwa sababu ya kazi yake. Alitafsiri lugha ya alama hospitalini na mahakamani, akisimama kati ya viziwi na wale wasiojua kusema kwa mikono. Kazi hiyo hakuisomea kwanza chuoni. Alizaliwa nayo. Mama yake hasikii tangu utotoni, na tangu baba alipofariki wamekuwa wawili, mkono na mkono. Wachumba wawili walishakuja na kuondoka kwa sababu ya sharti moja tu, kwamba mama ataishi nao. Wote walimpenda, na wote walipendekeza mama "atafutiwe mahali".

Barafu alikuja kwa njia nyingine. Alikuwa fundi wa majokofu, na jokofu la mama lilikuwa limegoma. Alipomaliza kazi alijaribu kumweleza mama kwa ishara za kubahatisha kwamba friji imepona. Mikono yake ikasema mumeo amepona. Mama, mjane wa miaka mingi, alicheka mpaka akakaa chini. Fundi akarudi wiki iliyofuata bila kuitwa, akaomba kufundishwa kusema sawasawa.

Naye alikuwa na mzigo wake. Mkewe alifariki akijifungua mapacha wa kiume, akamwachia na binti mkubwa ambaye sasa alikuwa kidato cha pili. Watoto walilelewa kwa msaada wa dada wa marehemu, mama yao mdogo, aliyekuwa na duka la kutoa kopi mtaa huohuo aliokuwa akiishi Barafu.

Kwa hiyo walipokubaliana kuoana, hesabu ilikuwa wazi. Chumba chao, chumba cha mama, cha binti, cha mapacha. Vyumba vinne, na mfuko wa watu wawili wanaofanya kazi za kawaida katika jiji ambalo hata kibanda kina bei ya kutisha. Waliahidiana kuunganisha akiba, majina yote mawili yaandikwe kwenye hati, na kila Jumamosi watoke pamoja kutafuta. Uchumba wao ulikuwa huo, kuzunguka mitaa, kuchungulia majiko ya watu na kucheka njiani. Sasa Barafu alikuwa amekwenda peke yake.

Jioni hiyo simu ilitetemeka. "Nisamehe. Naomba tuongee."

Akajibu: "Nyumba nitaendelea kuitafuta, yenye chumba cha mama. Na wewe au bila wewe."

Wengine walimshauri apoe kwanza. Shoga yake wa kazini alimwambia mwanaume mwenye kazi na adabu haachwi kwa sababu ya chumba. Mkalimani alimsikiliza, akamshukuru, na Jumamosi akavaa viatu vya kutembelea.

Alianza na mji mpya ulioko pembezoni, ambako kwa fedha ileile mtu anapata jumba zima na uwanja. Alipapenda mpaka alipowauliza wanawake waliokuwa kwenye foleni ya maji. Walimwambia maji huletwa kwa lori, tena lori likijisikia, na kwamba watoto wao huamshwa gizani ili wawahi shule. Akatoka huko amechoka, akasinzia kwenye basi mpaka akapitiliza kituo.

Kisha akaenda ng'ambo ya mto. Nyumba ya vyumba vinne, bei ya kutupa, rangi mpya inanukia bado. Dalali wa huko alikuwa na ulimi wa asali. Mkalimani alimwacha aongee, halafu akaingia duka la dawa la jirani kununua dawa ya kichwa, akauliza kama mtaa una shida yoyote. Muuza dawa alimwonyesha tu rafu zake. Zote zilianzia juu ya kiuno. Wakati wa mvua, alisema, hapa chini tunakuwa samaki.

Dawa akainywa hapohapo, maana kichwa kilikuwa kimeanza kuuma kweli.

Wiki hiyohiyo binti mkubwa wa Barafu alikuja kumsalimia mama yake Mkalimani, ambaye watoto walimwita Bibi. Ugomvi wa watu wazima haukumzuia. Alikuwa amejifunza lugha ya mikono haraka kuliko baba yake, na vidole vyake vilikuwa tayari na utani wa kitoto. Mkalimani alikuwa jikoni. Alipotoka na chai alimkuta mama ameduwaa.

"Mtoto ananipa pole kwa kuhama," mama alimwambia kwa mikono. "Nahamia wapi?"

Binti aligeuka, uso umempauka.

"Anti, si Bibi anahamia kwa mjomba? Mama mdogo alimwambia baba. Alisema umemwambia wewe mwenyewe, ila unaona haya kulisema nyumbani."

Mkalimani aliweka chai mezani. Alikumbuka sasa. Siku moja alipitia dukani kutoa kopi, akazungumza na shemeji huyo wa Barafu mawili matatu. Alimwambia mama anakwenda kumwona mjukuu mchanga kwa kaka. Kumwona, na kurudi.

Kesho yake alimfuata dukani.

Mashine ilikuwa inanguruma, inatema karatasi. Yule dada alimkaribisha, akauliza ni kurasa ngapi.

"Sina kopi leo, dada. Nina neno. Ulimwambia Barafu kwamba mama yangu anahama."

"Si ulisema anakwenda kwa kaka yako?"

"Nilisema anakwenda kumwona mtoto."

"Basi nilisikia vibaya."

"Hukusikia vibaya. Kazi yangu mimi ni kuvusha maneno ya watu. Nalijua neno lililopotea njiani, na nalijua lililopotezwa."

Karatasi ziliendelea kutoka, hakuna aliyezitazama. Mwishowe dada alizima mashine.

"Fleti ile iko nyuma ya duka hili," alisema. "Nyumba yenye chumba cha mama yako haipo mtaa huu kwa fedha zenu, unajua na mimi najua. Mngekwenda mbali. Wale mapacha niliwapokea mimi hospitali, dada. Marehemu hakuwabeba hata mara moja. Mimi sina mtoto. Wakienda mwisho wa jiji nitawaona lini, kwenye misiba?"

Mkalimani alikuwa amekuja na maneno makali, ameyapanga njia nzima. Akayaacha. Alimwona mwanamke aliyeshika kona ya meza kwa vidole viwili kama anayeogopa kuanguka.

"Ungeniambia hivyo siku ile, ningekuelewa siku ileile," alisema. "Badala yake ukamhamisha mama yangu kwa mdomo. Hilo limeniuma, na litaendelea kuniuma kwa muda."

"Unataka nifanye nini?"

"Mwambie Barafu ukweli. Wewe, kwa kinywa chako. Mimi naendelea na safari yangu."

Lakini alitoka pale na sharti jingine moyoni, ambalo hakumwambia mtu. Nyumba isiwe mbali na duka hili. Mapacha walishapoteza mama mmoja.

Ndipo akaanza kutafuta kwa kufuata reli. Kutoka mtaa ule treni ya abiria ilipita asubuhi na jioni, bila foleni ya magari. Akashuka kituo baada ya kituo, kila siku aliyopata nafasi. Nyuma ya stesheni moja, sehemu ambayo madalali hawakuwahi kumpeleka, aliona safu ya nyumba za zamani zilizojengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa reli. Kuta nene, bati limefifia, kila moja na kiwanja kidogo. Mwenye mojawapo alikuwa mama wa makamo anayehamia kwa wanawe, naye hakuficha kitu.

"Vyumba ni vinne, maji yapo, jirani si wabaya," alisema. "Ila treni, mwanangu. Watu wanakuja, wanapenda, treni inapita, wanaondoka. Ndiyo maana bei iko hapo ilipo."

Mkalimani alirudi siku ya mvua akaangalia maji yanakoelekea. Yalikimbia mtaroni. Alirudi asubuhi akaona watoto wanakwenda shule kwa miguu. Alirudi jioni, akakuta wanawake wanatembea bila kukumbatia mikoba. Mara ya nne akaja na mama.

Mama aliingia chumba kimoja baada ya kingine, akagusa milango. Treni ikapita. Vikombe vya mwenye nyumba vikagongana kabatini. Mama alisimama, akaweka kiganja ukutani, akakiacha hapo mpaka behewa la mwisho.

"Kelele hizi hata mimi nazisikia," alisema kwa mikono, na macho yake yalikuwa yanacheka. "Nichukulie chumba hiki."

Mkalimani alipiga hesabu. Akiba yake na mkopo wa chama cha kazini vingefika karibu nusu, na kwa nusu hakuna anayekabidhiwa ufunguo. Alimwomba mwenye nyumba amvumilie kidogo. Hakumtafuta Barafu. Barafu ndiye aliyepiga.

"Shemeji amekuja hapa karakana," alisema. "Amenieleza yote. Nakuomba nikuone."

"Basi njoo nyuma ya stesheni. Kuna nyumba."

Alikuja na ovaroli ya kazi, mikono ina grisi. Mkalimani alimzungusha bila maneno mengi, akamwonyesha mtaro, ufa wa jikoni, kiwanja. Mwenye nyumba aliwaacha uani. Barafu alikaa kwenye ngazi.

"Shemeji alidanganya, lakini mimi ndiye niliyekosa," alisema.

"Ulidanganywa."

"Nilikuwa na simu mfukoni mwezi mzima. Ningekuuliza kwa neno moja. Sikukuuliza kwa sababu uongo ule ulinifaa. Chumba kimoja kikipungua, nyumba inapatikana. Nikajiambia, kama mwenyewe amekubali, mimi ni nani. Moyoni nilijua huwezi kukubali."

Maneno hayo yalimchoma Mkalimani kuliko uongo wa dukani, na bado alishukuru kuyasikia. Wachumba waliotangulia hawakuwahi kukiri kwamba walimwona mama kama chumba cha kupunguza.

"Umeniumiza," alisema.

"Najua."

"Mama yangu si mgeni wa kuja kutembelea. Akiwa humu, ni mwenye nyumba kama mimi na wewe."

"Ndiyo."

"Na jambo linalonihusu, uliza kwangu. Hata kama jibu litakuharibia hesabu."

"Nitauliza." Akatazama mikono yake iliyochafuka. "Naanza sasa. Bado unanitaka?"

Treni iliingia stesheni na kumeza jibu. Barafu aliona midomo tu ikitembea. Akainua mikono, akauliza tena kwa ishara, taratibu, bila kukosea hata kidole. Mkalimani akamjibu kwa mikono.

Fleti ikarudishwa kwa dalali, ambaye alikata nusu ya arbuni na hakuona haya. Barafu aliuza pikipiki yake kuziba pengo, akaanza kwenda kazini kwa treni na kusema kwamba anafika mapema kuliko zamani. Hati iliandikwa majina mawili. Walipaka rangi wenyewe, wote sita, na mapacha walijipaka zaidi ya walivyopaka ukuta.

Ndoa ilifungwa ofisini kwa msajili, mbele ya watu wasiojaa benchi mbili. Kisha wakarudi nyuma ya stesheni, viti vikapangwa uani, majirani wakaja na vyao.

Mama mdogo wa watoto aliitwa, na alikuja. Lakini alisimama getini na kifurushi chake mkononi, hakuingia. Mkalimani alimwona. Kidonda cha uongo ule kilikuwa hakijapona sawasawa, akabaki kwenye kiti. Aliyetangulia ni mama. Alimshika yule dada mkono, akampitisha katikati ya wageni, akampeleka mpaka chumba cha binti. Humo kulikuwa na vitanda viwili, na cha pili kilikuwa kimetandikwa shuka jipya. Mama akaelekeza kidole kitandani, akamwelekezea yeye, akaongeza maneno kadhaa kwa mikono.

Dada aligeuka, macho yamejaa.

"Anasemaje?"

Mkalimani alikuwa amewafuata, amesimama mlangoni na gauni lake la harusi. Alivuta pumzi, akavusha maneno ya mama yake kama yalivyo, bila kupunguza wala kuongeza.

"Anasema watoto wanakusubiri kila Jumamosi. Anasema ukichelewa treni ya kurudi, usihangaike. Lala."

Dada aliweka kifurushi kitandani, akainama, akaanza kufungua kamba za viatu.